Video ya wimbo ya wanafunzi: mtazamaji huamuliwa kabla ya kamera kuwashwa

Kila msimu wa kazi za mradi unapokaribia, wanafunzi wa habari, filamu na sanaa za maonyesho huandika kwenye safu hii kuuliza kuhusu video ya wimbo, kazi inayoonekana nyepesi kwa sababu ni ya dakika chache, ilhali inadai maamuzi mengi kuliko filamu fupi yenye urefu uleule. Nimechagua barua ambazo majibu yake yanaweza kuwafaa na wengine, nikazifupisha bila kugusa maana.

SWALI: Sisi ni wanafunzi wanne wa mwaka wa pili. Tunatakiwa kutengeneza video ya wimbo wa mwanafunzi mwenzetu, na kabla ya kupiga picha tuwasilishe mpango. Wimbo ni wa kuagana, marafiki wawili wanaachana baada ya masomo, na unaanza na gitaa tupu kwa sekunde 11. Katika sehemu ya hadhira tuliandika: "Vijana wa miaka 15 hadi 35 pamoja na watu wote wanaopenda muziki." Mwalimu aliurudisha mpango akiwa ameandika pembeni, "Huyu ni nani?" Je, tufanyeje ikiwa wimbo wenyewe unamfaa mtu yeyote?
Kundi la wanafunzi wa stashahada

JIBU: Ndugu zangu, swali la mwalimu wenu ni fupi, lakini ndilo linalobeba mpango mzima. Umri peke yake hauwaambii mahali pa kuweka kamera. Kijana wa miaka 16 anayeyajua mashairi ya msanii wenu kwa moyo na kijana wa miaka 16 ambaye hajawahi kumsikia wamo katika kundi moja la takwimu, ila ni watazamaji wasiofanana hata kidogo, kwa kuwa wa kwanza anaifungua video akijua anachokitafuta, na wa pili amekutana nayo njiani, katikati ya video nyingine nyingi, kidole kikiwa tayari kuipitisha. Na yule wa miaka 34 mliyemjumlisha humo huenda akausikiliza wimbo wa kuagana kwa kumbukumbu ambazo hao wawili bado hawana.

Andikeni upya sehemu hiyo kwa kumweleza mtu mmoja anayeweza kuwepo kweli. Elezeni anajua nini tayari kuhusu muziki wa aina hii, anatazamia wapi, yuko peke yake au na wenzake, sauti ameifungua au ameizima, simu ameishika wima au ameketi mbele ya skrini pana ya ukumbi, na jambo gani hasa litamfanya aitazame tena au amtumie mwenzake. Mkiyaandika hayo kwa ukweli, mabishano mengi ya kikundi yatakwisha yenyewe, kwa sababu badala ya kubishana nani ana wazo zuri zaidi mtakuwa mnaulizana ni wazo lipi linamfikia huyo mliyemwandika.

Tuchukue hizo sekunde 11 za gitaa. Ikiwa mtazamaji wenu ni mwanachuo mwenzenu anayemfahamu msanii na atakayeitazama ukumbini siku ya maonyesho, mnaweza kumchelewesha bila hofu: chumba kinachoanza kubaki wazi, kitanda kilichoondolewa shuka, mkono unaofunga zipu ya begi, unasita, unaifungua tena na kutoa daftari ambalo si lake. Uso wa msanii unaweza kusubiri hadi sauti iingie, kwa maana mtazamaji huyo anajua nani anakuja na kusubiri kwenyewe kunampa raha. Ikiwa mtazamaji ni yule asiyemfahamu msanii, mpango huohuo utampoteza kabla ya zipu kufungwa. Kwake daftari lije katika sekunde mbili za kwanza, jalada lenye jina la mtu mwingine lionekane wazi, na mara baada yake uonekane uso wa anayelishika, ili swali la nani mwenye daftari liwe limeshapandwa kabla hajaamua kuondoka. Kama huyo wa pili hutazama akiwa amezima sauti, kumbukeni kwamba gitaa lenu halipo kwake, kwa hiyo mdundo lazima aupate kwa macho, kupitia mwendo ndani ya picha na mahali mnapokata, na mashairi ayasome kwenye manukuu. Wimbo haukubadilika, daftari ni lilelile, na hata chumba hakikubadilika. Kilichobadilika ni mpangilio tu, na mpangilio ulitoka kwa mtazamaji.

Msimbuni huyo mtu kichwani tu. Tafuteni watu watano au sita wanaokaribiana na mliyemwandika, muwapigie wimbo bila picha yoyote, kisha muwaombe waeleze walichokiona akilini, mahali walipovutika na mahali walipoanza kufikiria mambo mengine. Swali la "mtapenda video ya namna gani?" liacheni, maana kila mtu hulijibu kwa kutaja video aliyoiona mara ya mwisho. Andikeni maneno yao kama walivyoyasema. Wawili kati yao wakitaja kituo cha basi bila kuambizana, mmejifunza kwamba kituo cha basi ndiyo picha ya kwanza inayowajia watu kwa wimbo huu, na hapo mna hiari mbili halali: kuitumia kwa sababu inaeleweka upesi, au kuikwepa kwa makusudi kwa sababu kila mtu ameshaiona.

Ikiwa mnatakiwa pia kutaja nadharia, nashauri mtumie ile itakayowasaidia kazini. Mwaka 1973 Stuart Hall, mtaalamu wa masomo ya utamaduni, alieleza kwamba anayetengeneza ujumbe huuwekea maana fulani, lakini mpokeaji anaweza kuipokea maana hiyo jinsi ilivyokusudiwa, akaikubali nusu na kuirekebisha kulingana na maisha yake, au akaikataa kabisa. Chukueni shoti, yaani kipande kimoja cha picha kisichokatwa, ya rafiki anayebaki, amesimama mlangoni bila kupunga mkono. Ninyi mmekusudia huzuni iliyomzidi nguvu. Mtazamaji mwingine atakubali kwamba ana huzuni, ila ataongeza kwamba ana kinyongo, na wa tatu ataona mtu mwenye wivu asiyestahili kuhurumiwa. Mkiwa mmezijua tafsiri hizo mapema, mnaweza kuamua kama mnaongeza ishara moja ya kuipa nguvu maana yenu, tuseme vidole vinavyobana fremu ya mlango, au mnaiacha shoti wazi kwa kuwa wimbo wenyewe unaruhusu. Hapo nadharia imefanya kazi ya kupanga, na ripoti yenu itakuwa na jambo la kusema.

Neno moja kuhusu mwalimu. Yeye pia ataitazama video, lakini msiitengeneze kwa ajili yake. Anachokipima ni jinsi mlivyomfikia mtazamaji mliyemtaja, na mkianza kubahatisha ladha yake mtakuwa mmebadilisha mtazamaji katikati ya kazi bila kumwambia mtu.

SWALI: Kundi letu limegawanyika. Nusu wanataka video yenye hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho, nusu wanataka msanii aimbe tu mbele ya kamera. Wimbo una dakika 3 na sekunde 12. Lipi ni bora kwa wanafunzi?
Mwongozaji aliyechoka kusuluhisha

JIBU: Ndugu mwongozaji, kabla ya kuchagua upande, upimeni wimbo kwanza. Tafuteni kasi yake kwa dakika. Tuseme ni mapigo 100: kila pigo linachukua sekunde 0.6, kila kundi la mapigo manne sekunde 2.4, na wimbo wenu wote ni makundi 80 kamili. Mkirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha tuli 25 zinazopita kila sekunde, kila pigo ni fremu 15. Chukueni karatasi, chora mistari 80, muweke alama mahali ubeti unapoanza, kiitikio kinapoingia, ala inapobaki peke yake na sauti inapokatika. Karatasi hiyo itawaonyesha kile ambacho mabishano yameficha, yaani nafasi halisi mliyo nayo. Ubeti wa makundi nane una sekunde 19.2, na katika sekunde hizo mtu hawezi kuamka, kugombana na mzazi, kusafiri, kufika na kusamehewa. Hadithi nyingi za wanafunzi huvunjika hapa, zikiwa zimeandikwa kwa ajili ya filamu ya dakika kumi na tano.

Mimi nawashauri wanafunzi wachanganye, na nasema hivyo nikiwa na sababu ya kiutendaji. Mrekodini msanii akiuimba wimbo wote, kuanzia pigo la kwanza hadi la mwisho, mara kadhaa: kwa mbali, kwa kati, kwa karibu sana, na mara moja kwa pembeni. Rekodi hizo ni akiba ya mhariri, kwani tukio la hadithi likiharibika, mvua ikinyesha au mwigizaji asipotokea, daima kuna picha halali ya kuweka kwenye sekunde hiyo. Baada ya hapo jengeni hadithi ndogo yenye badiliko moja tu: mtu alikuwa na kitu, sasa hana, au alikuwa hatazami, sasa anatazama. Badiliko hilo lisitokee mapema. Liwekeni kwenye kiitikio cha mwisho au kwenye kimya kinachokitangulia, kwa sababu hapo ndipo sikio la mtazamaji linapotarajia jambo.

Jambo lingine la kuamua ni uhusiano wa picha na maneno. Andrew Goodwin, mtafiti wa video za muziki, katika uchambuzi wake wa mwaka 1992, alitofautisha video zinazoonyesha kile kinachoimbwa, zile zinazoongeza maana ambayo maneno hayakuitaja, na zile ambazo picha na maneno haviendi pamoja. Wanafunzi wengi hubaki kwenye aina ya kwanza bila kujua, msanii akiimba mvua tunaona mvua, akiimba barua tunaona barua, na mtazamaji anayeelewa lugha ya wimbo hupewa kitu kilekile mara mbili. Hata hivyo, kama mtazamaji wenu haelewi lugha hiyo, kuonyesha kinachoimbwa kunaweza kuwa heshima kwake. Kwa hiyo hata hili halina jibu mpaka mrudi kwenye ile sehemu ya hadhira.

SWALI: Mimi ni msichana pekee katika kundi la watu watano na ndiye ninayecheza kwenye video. Wenzangu wameandika kwenye mpango kwamba nivae nguo ambazo mimi sizitaki, na kamera ianzie miguuni ipande polepole. Nilipokataa waliniambia hadhira ya muziki huu inataka hivyo na kwamba ninaharibu alama za wote. Je, nina haki ya kukataa?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

JIBU: Binti yangu, ndiyo, una haki hiyo, na huhitaji kutoa sababu ili uwe nayo. Mwili wako si kifaa cha mradi. Kazi ya darasani haina mamlaka ya kukudai nguo usiyoitaka, na wenzako wakishikilia msimamo wao, mweleze mwalimu mapema, kwa maandishi, kabla ya siku ya kurekodi, ili usije ukajikuta unabishana mbele ya kamera huku watu wote wakikungoja. Kumbuka pia kwamba video ikishawekwa mtandaoni hairudi, hata mkiifuta, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuwa ameshaihifadhi.

Sasa niwajibu wenzako, kwa sababu hoja yao imejificha nyuma ya neno hadhira na mimi siwezi kuliacha neno hilo litumike hivyo. Wamesema hadhira inataka. Hadhira ipi? Je, waliwauliza wasikilizaji wa kike wa muziki huo? Mwaka 1975 Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliandika kwamba sinema kwa muda mrefu ilikuwa imejenga picha zake kana kwamba anayetazama ni mwanamume na mwanamke ni wa kutazamwa, na shoti inayoanzia miguuni na kupanda polepole ni mfano wa wazi kabisa wa jambo hilo: inamgawa mtu vipande kabla ya kumpa uso. Anayeiandika kwenye mpango ameshaamua, labda bila kufikiri, kwamba mtazamaji wake ni mvulana mmoja wa aina moja, na ameyafukuza makundi mengine yote ambayo pengine aliyataja kwenye ukurasa uliotangulia. Hilo ni kosa la kiufundi katika kupanga hadhira, na mwalimu makini atalihesabu kuwa kosa.

Ikiwa kundi linataka nguvu ya dansi ionekane, njia zipo tele. Kamera iwe mbali kiasi cha kuonyesha mwili mzima na sakafu, ili hatua zisomeke. Ikae chini karibu na ardhi pale vumbi au kivuli kinapofuata mguu. Ikae usoni pale pumzi inapokatika mwishoni mwa zamu ya kucheza. Anayejua dansi atapenda kuona hatua, na shoti zile za vipande humnyima jambo hilohilo alilolijia. Pendekeza nguo unayoweza kuchezea kwa uhuru na inayotofautiana kwa rangi na mandhari ya nyuma, kwani nguo ya kijivu mbele ya ukuta wa kijivu huimeza hata dansi nzuri. Na kabla hamjarekodi, kubaliana na kundi kwamba utaona picha zako na utakuwa na sauti kuhusu zipi zitumike. Kwa mshiriki yeyote ambaye hajatimiza umri wa utu uzima, ridhaa ya mzazi au mlezi itafutwe kwa maandishi, na ieleze wazi kama video itabaki darasani au itaonyeshwa hadharani.

SWALI: Tumerekodi msanii wetu akiimba kwa kufuatisha wimbo kwenye spika, lakini tukihariri midomo haioani na sauti, hasa kwenye shoti za mbali. Pia tulijaribu mwendo wa taratibu na ikawa vibaya zaidi.
Mhariri wa kundi

JIBU: Mhariri, shoti za mbali zina sababu yake ya kifizikia. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo msanii aliyesimama mita 14 kutoka kwenye spika anausikia wimbo akiwa nyuma kwa karibu sekunde 0.04, ambayo ni fremu moja nzima kwa kasi ya fremu 25. Mkizidisha umbali mara mbili au tatu, jicho linaanza kuona kasoro hata kama mtazamaji hawezi kuieleza. Spika isogee karibu na msanii, nje tu ya picha, na si karibu na kamera. Au avae kisikizi kidogo cha sikioni kilichofichwa upande wa pili wa uso. Kamera nayo iachwe irekodi sauti ya pale pale, hata kama ni mbaya, kwa kuwa mhariri ataitumia kuoanisha picha na wimbo safi kisha ataizima. Wekeni milio mifupi ya kuhesabia kabla ya wimbo kuanza, ili msanii aingie kwa wakati na mhariri awe na alama ya kulinganishia.

Msanii aimbe kweli, kwa sauti. Anayechezesha midomo tu shingo yake haifanyi kazi wala kifua chake hakipandi, na mtazamaji anayempenda msanii huyo huligundua jambo hilo mara moja.

Kuhusu mwendo wa taratibu, kanuni ni kwamba wimbo uharakishwe wakati wa kurekodi kwa kiasi kilekile ambacho picha itapunguzwa kasi. Mkirekodi kwa fremu 50 ili kuonyesha kwa 25, wimbo upigwe kwa kasi mara mbili na msanii aimbe kwa kasi hiyo; mkipunguza, midomo itarudi kwenye wimbo huku nywele, nguo na vumbi vikielea. Ni kazi ngumu kwa mashairi ya haraka, kwa hiyo chagueni mstari wenye maneno machache na mfanye mazoezi siku iliyotangulia. Athari nyepesi zaidi hupatikana kwa kurekodi fremu 30 na kuonyesha 24, wimbo ukiongezwa kasi hadi asilimia 125.

SWALI: Tunaweza kutumia wimbo wa msanii maarufu ikiwa ni kwa masomo tu?
Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Inategemea sheria ya nchi yenu na mahali video itakapoonyeshwa, ila ni vizuri mjue kwamba wimbo uliorekodiwa huwa na haki mbili tofauti: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya ile rekodi yenyewe. Mara nyingi wenye haki hizo si mtu mmoja, na ruhusa ya mmoja haimfungi mwingine. Sheria za nchi nyingi zina nafuu fulani kwa matumizi ya darasani, lakini nafuu hiyo haimaanishi kwamba mnaweza kuiweka video mtandaoni, ambako mitandao mikubwa ina mifumo ya kuzitambua rekodi kwa kulinganisha sauti na inaweza kuizuia video yenu au kuyaelekeza mapato yake kwa mwenye haki. Mtafuteni mwanafunzi mwenye wimbo wake mwenyewe na mwandikiane ruhusa ya ukurasa mmoja. Mtapata faida nyingine kubwa: mtunzi yupo, na mnaweza kumuuliza alikuwa anazungumza na nani alipouandika.

SWALI: Tumemaliza rasimu ya kwanza ya video. Tumewaonyesha marafiki kumi na wote wamesema ni nzuri sana. Je, tuiwasilishe, au kuna jambo lingine la kukagua?
Kundi linalokaribia mwisho

JIBU: Marafiki zenu wamewajibu kwa upendo, na upendo wao ni wa kweli, ila hamkupata taarifa yoyote ya kufanyia kazi. Rudini kwa watu mfano wa yule mliyemwandika kwenye mpango, wasiowajua kama inawezekana. Mwacheni kila mmoja aitazame peke yake kwenye kifaa anachokitumia kila siku, bila utangulizi, na ninyi kaeni mahali mnapoweza kuuona uso wake bila kumkodolea macho. Mwenye kalamu aandike sekunde ambayo mtazamaji alitabasamu, aliyoangalia pembeni, aliyosogeza simu karibu. Baadaye mwombeni asimulie alichokiona kama anamsimulia mtu ambaye hakuwepo. Tuchukue ule wimbo wa kuagana wa barua ya kwanza kama mfano: asipomtaja kabisa rafiki anayebaki mlangoni, basi rafiki huyo hayumo kwenye video, hata kama mlimrekodi kwa saa nzima. Sekunde ambayo watazamaji watatu wameangalia pembeni ndiyo ya kukatwa kwanza, na mara nyingi ni ile shoti iliyowagharimu jasho jingi kuipata, jambo linaloumiza na linalopaswa kufanywa hata hivyo.

Kagueni pia umbo la picha. Kama mlirekodi kwa upana wa 16 kwa 9 na mnataka toleo la wima la 9 kwa 16, likikatwa kutoka kwenye picha ileile litabakiza chini ya theluthi moja ya upana, na marafiki wawili waliosimama pande mbili za mlango hawatabaki wote. Toleo hilo linahitaji kuhaririwa upya shoti kwa shoti, au kurekodiwa kando ikiwa siku ya kurekodi bado haijapita. Manukuu yasikae chini kabisa mahali ambapo vitufe vya programu za simu huyafunika.

Mwisho, kama mmeweka taa za kumeta au mikato ya haraka ya mwanga na giza, hesabuni mimeto hiyo fremu kwa fremu. Mwongozo unaotumika kwa maudhui ya mtandaoni ni kwamba isizidi mitatu ndani ya sekunde moja, kwa kuwa mimeto ya kasi inayojaza sehemu kubwa ya skrini inaweza kusababisha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa. Kwa wimbo wenye mapigo 100 kwa dakika, mmeto mmoja kwa kila pigo hauvuki kiwango hicho. Mmeto kwa kila nusu ya pigo unavuka. Punguzeni sehemu hiyo kwanza, na mkiona bado inabaki na mimeto mingi, wekeni onyo la maandishi kabla ya video kuanza, likae kwenye skrini muda wa kutosha kusomwa na mtu asiyesoma haraka.